Hesabu Nyuma ya Risiti ya Salfa

Nyuma ya risiti ya salfa nimeandika:
elfu arobaini na tano kwa mwezi.
Chini yake, siku nilizokwenda.
Mwezi wa kumi, kumi na nne; mnada ulikuwa mzuri,
hata miguu ilikuwa na fedha.
Mwezi wa kumi na moja, tisa.
Wa kumi na mbili, nne, na mojawapo
nilifuata chupa ya maji niliyoisahau.

Gawanya, Somoe. Wewe ni karani wa chama cha msingi,
watu unawasomea makato yao usoni bila kupepesa.
Lakini hii ya Desemba nimeifunika kwa kidole:
elfu kumi na moja, mia mbili na hamsini
kwa kila jasho.
Kwa hela hiyo Chikongola napata kilo ya changu,
na nazi ya kuiungia.

Jumba lenyewe lilikuwa ghala.
Ukivuta pumzi sana, kwenye zoezi la tatu,
harufu ya maganda ya korosho bado imo ukutani.
Twalibu Nampota amepaka rangi ya chungwa, ameweka vioo,
ila mizani ya magunia hakuitoa. Tunapanda sisi.
Mimi ni gunia moja na kilo kumi na mbili.
Ningekuwa mzigo wa mkulima ningemwambia:
una unyevu huu, kaanike, urudi Alhamisi.

Mama alikuja siku moja kutoka Naliendele,
akasimama mlangoni na kapu la mihogo,
akamtazama yule binti wa benki
ananyanyua chuma, anakishusha palepale, ananyanyua.
Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya huruma:
"Wanawalipa kwa siku au kwa wiki?"

Nilicheka hadi nyumbani.
Usiku sikucheka.

Daktari wa Ligula hakutaja jimu.
Alisema sukari inapiga hodi, mama, tembea,
kutembea ni bure.
Nikatembea. Barabara ya Shangani, alfajiri, raba mpya.
Siku ya kwanza: "Karani! Malipo ya pili yametoka?"
Siku ya pili Mzee Mchopa aliniandama
na daftari lake, anadai kilo sita zilizopotea mizanini,
mpaka nikageuza njia.
Kutembea ni bure. Kujulikana si bure.

Kule ndani nakimbia mbele ya ukuta
na ukuta hauna shamba.
Jumatano ile umeme ulikatika nikiwa mita mia nane
(gesi yetu inapita chini kwa chini, inakwenda kuwasha kwingine),
tukabaki gizani wanawake sita, tunahema kama mbuzi,
mmoja akaanza kucheka, sote tukafuata,
na hakuna aliyeutafuta mlango.
Hilo niliandike wapi? Leja haina safu yake.

Hemedi anasema: lipia kwa siku, elfu tatu.
Anasema kweli. Siku tisa ni elfu ishirini na saba,
mtoto wa darasa la nne anaona.
Lakini pesa ya siku huanzisha ubishi upya kila jioni,
na jioni mimi ni wakili hodari wa kochi.
Ya mwezi ikishatoka inanishika upindo wa kanga:
twende, usinipoteze.
Pengine ndiyo ninayoinunua, aibu hiyo.

Kumi na tano. Hapo ndipo mizani inasimama.
Nikifika kumi na tano, sina deni na mtu.
Chini ya hapo namlisha Twalibu.
Mwezi wangu bora kabisa, nikiwa na pesa na hamu
na raba bado zinanukia dukani,
nilifika kumi na nne.

Leo nimekwenda. Nimempa elfu tatu.
Hakununa; alifungua daftari la siku, akaandika jina langu,
akauliza, kalamu ikiwa juu:
"Na kesho?"

Niandike, nikamwambia,
ila kwa penseli.